"Mediate contagion" si kosa la mchapaji

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Rungwe. Juzi tulikuwa tunapanga upya kabati la vitabu, tukakuta kamusi ya kitabibu ya Kiingereza, ya zamani sana, kurasa zimeshakuwa njano. Kwenye neno 'contagion' wametaja aina mbili: 'immediate contagion' na 'mediate contagion'. Mimi najua 'mediate' ni kusuluhisha. Sasa ugonjwa unasuluhishaje? Tabibu wetu anasema ni kosa la uchapaji, herufi mbili za mwanzo zimedondoka, hivyo zote ni 'immediate'. Tumewekeana soda. Naomba utuambie neno hilo lina maana gani, linatamkwaje, na kama naweza kulitumia, maana nimepewa kazi ya kutafsiri maelezo ya maambukizi kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini."

Marahaba, mwanangu. Soda iacheni kwanza kwenye jokofu, tutaifikia.

Hakuna herufi iliyodondoka. Mchapaji wa kamusi yenu alifanya kazi yake sawasawa. Tena mwambie tabibu aweke kalamu chini kabla hajaongeza hizo herufi mbili, kwa sababu akiziongeza atakuwa amegeuza maana juu chini. Ugonjwa ulioletwa na blanketi atakuwa ameusema umeletwa na mkono wa mgonjwa mwenyewe. Maneno hayo mawili ni kinyume, kama kavu na mbichi.

Shina lake ni neno la Kilatini "medius", yaani kilicho katikati. Ukoo wake unaujua hata kama hamjawahi kutambulishwa: "medium", "media", "median", hata Mediterranean, ile bahari iliyo katikati ya nchi kavu. "Mediate", likiwa kivumishi, maana yake ni chenye kitu katikati. A na B wameunganishwa, lakini hawagusani wenyewe, kuna C anayewagusa wote wawili. Halafu Kilatini chenyewe cha baadaye kikaweka kiambishi cha kukanusha mbele, na Kiingereza kikarithi "immediate": kisicho na kitu katikati. Kwa hiyo neno mnalolijua nyote, linaloandikwa kwenye kila barua ya ofisi na kila tangazo la kazi, ndilo mtoto. "Mediate" ndiye mzazi. Mtoto alikwenda mjini akapata jina kubwa, mzazi akabaki kijijini, na siku akija kumtembelea mwanawe watu wa getini wanamuuliza kitambulisho.

Wewe ulifikiria usuluhishi, na sikulaumu. Kila mtu aliyekulia kanisani huku kwetu amesikia ile aya ya Timotheo inayosema mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, na kwenye Biblia ya Kiingereza hapo pameandikwa "mediator". Ukiwa na mgogoro na mwajiri utapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwenye jina lake la Kiingereza limo "mediation". Hicho ndicho kitenzi: kukaa katikati ya wagombanao ili kuwapatanisha. Kivumishi kimetoka shina lilelile, kinaandikwa kwa herufi zilezile, ila hakina habari na ugomvi. Hakuna aliyekosana na mwenzake. Kuna kitu kimekaa kati, basi.

Njia ya kuwatofautisha kwa sikio ni matamshi. Kitenzi mwisho wake unasikika wazi: MII-di-eit. Kivumishi mwisho wake unamezwa: MII-di-at, sawasawa na "immediate" unapotamkwa vizuri, bila kuvuta ile sauti ya mwisho. Mkazo mkuu uko mwanzoni kwa yote mawili. Kiingereza kina jozi nyingi za namna hii na wanafunzi wetu huzitamka zote kama kitenzi: "separate", "moderate", "deliberate", "graduate". Mtu akisema anaishi kwenye chumba cha "separ-EIT", Mwingereza atamwelewa, lakini atasikia kama mtu aliyesema "nyumba kutenganisha". Nilifundisha Iringa miaka mingi, na kama kuna jambo moja ninalojutia kutolikazania darasani ni hilo la miisho ya "-ate".

Sasa nikae kidogo kwenye "immediate", maana bila kumwelewa mtoto huwezi kumwelewa mzazi, na ninyi watu wa hospitali mnalitumia kila siku.

Kiswahili kina misemo miwili ambayo mgeni huichanganya: "mara moja" na "moja kwa moja". Ya kwanza ni ya muda: njoo mara moja, usikawie. Ya pili ni ya njia: nenda moja kwa moja, usipitie popote. Kiingereza kimeziweka zote mbili ndani ya "immediate". Maana ya awali ni ile ya njia. Ya muda ilizaliwa baadaye kwa mantiki rahisi tu: kama kati ya amri na utekelezaji hakuna kitu kilichokaa, basi hata muda haukukaa. Leo ile ya muda imeimeza nyingine kiasi kwamba watu wengi wanaijua hiyo peke yake. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa.

Angalia hati ya sababu za kifo. Muundo unaotumiwa karibu dunia nzima, ule wa Shirika la Afya Duniani, una mistari inayoshuka: mstari wa kwanza ni hali iliyosababisha kifo moja kwa moja, chini yake ni kilichosababisha hali hiyo, na chini zaidi kilichosababisha hicho. Ule wa juu huitwa "immediate cause". Nimekutana na vijana wa utabibu wanaodhani hapo panaulizwa ugonjwa uliomuua mtu haraka. Siyo. Panaulizwa kile kilichokuwa jirani na kifo bila kitu kingine katikati. Mtoto amepata malaria kali, malaria ikamaliza damu, upungufu wa damu ukaufanya moyo ushindwe kazi. Hata kama safari hiyo ilichukua wiki tatu, kushindwa kwa moyo ndiyo "immediate cause", kwa sababu ndiyo iliyogusana na kifo. Malaria ilikifikia kifo kwa kupitia vituo viwili. Kwa Kiingereza cha wanafalsafa wa zamani, malaria hapo ingeitwa "mediate cause". Ninyi leo mnasema "underlying cause", na msibadilishe.

Turudi kwenye kamusi yenu.

Mwaka 1546 tabibu wa Verona, Girolamo Fracastoro, aliandika kitabu juu ya maambukizi. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya watu kukubaliana kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa. Akagawa njia za kuambukiza mara tatu: kwa kugusana wenyewe kwa wenyewe, kwa mbali, na kwa kupitia vitu alivyoviita kwa Kilatini "fomes". Neno hilo linapendeza. Maana yake ni vitu vikavu vya kudakia cheche: majani makavu, vijiti, yale maganda ya mahindi unayoyasogeza jikoni asubuhi ya baridi ya Tukuyu ili moto wa jana uliofukiwa majivuni uamke. Fracastoro aliona kwamba nguo na mashuka ya mgonjwa hayaumwi, lakini yanahifadhi kitu, kama kijinga cha moto kinavyohifadhi moto bila kuonyesha mwali. Mtu mwingine akijifunika, moto unaamka. Wingi wa neno hilo ni "fomites", na ndilo ambalo nyote mnaliona kwenye vitabu vya leo vya kuzuia maambukizi. Hata umoja wake wa Kiingereza, "fomite", ulitengenezwa na watu waliotoa herufi ya mwisho kwenye wingi wakidhani wanapata umoja. Lakini hilo limeshazoeleka, tuliache.

Basi, "immediate contagion" ni mwili kwa mwili: mama anamkumbatia mtoto mwenye upele, ngozi juu ya ngozi. "Mediate contagion" ni upele uleule uliokaa kwenye blanketi la wodini kwa siku moja au mbili, akaja mtu mwingine akalalia. Ni taulo moja la uso linalotumiwa na watoto watano wakati mmoja wao ana macho mekundu. Ni nzi anayetoka kwenye jicho lenye trakoma akatua kwenye jicho la jirani. Wagonjwa hao huenda hawakuwahi kuonana. Waligusana kwa mkono wa kitu kingine. Siku hizi vitabu vinasema "indirect transmission", na chini yake vinaweka vitu, maji, chakula na wadudu. Ni ndoo ileile, mfuniko mpya.

Lakini kivumishi hiki kilipata heshima yake kubwa mahali pengine, kwenye kifua cha mgonjwa, na wewe unakutana nacho kila zamu bila kujua.

Mwaka 1816 René Laennec, daktari wa Paris, alikuwa na mgonjwa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Wakati huo njia ya kusikiliza moyo ilikuwa kuweka sikio kifuani. Msichana alikuwa mnene, kugongagonga kifua hakukusaidia, na kwa umri na jinsia yake daktari aliona haya kumwekea sikio. Akakumbuka kwamba ukikwaruza ncha moja ya gogo kwa pini, mtu aliyeweka sikio ncha ya pili anasikia. Akachukua karatasi, akazikunja zikawa bomba, ncha moja kifuani, nyingine sikioni. Akasikia moyo kwa uwazi kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Baadaye akachonga bomba la mti, na mwaka 1819 akachapisha kitabu cha juzuu mbili: "De l'auscultation médiate". Yaani usikilizaji wenye kitu katikati. Hicho kitu ndicho stethoskopu inayoning'inia shingoni mwa tabibu wako huku akikuambia neno halipo! Laennec mwenyewe alikufa mwaka 1826 kwa kifua kikuu, ugonjwa alioutumia maisha yake kuusikiliza.

Vivyo hivyo kwa kugonga kifua. Mwaka 1761 Leopold Auenbrugger wa Austria, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, alieleza jinsi ya kugonga kifua cha mgonjwa kwa ncha za vidole na kusikiliza mlio. Kidole juu ya kifua, hakuna kitu kati: hiyo huitwa "immediate percussion". Mwaka 1828 Mfaransa Pierre Piorry akatoa kitabu cha "percussion médiate", akiweka kibao chembamba kifuani na kugonga juu ya kibao. Leo kibao hakipo, ila mtazame tabibu wako akimpima mtu anayekohoa. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto anakilaza kwenye ubavu, kimenyooka na kukaza. Kidole cha kati cha kulia anakipinda kama ndoana, kiwiko hakisogei, kiganja ndicho kinachocheza, na anagonga juu ya kidole chake mwenyewe mara mbili. Juu ya pafu zima mlio ni wa debe tupu. Akishuka upande wa kulia akafika kwenye ini, mlio unakuwa wa debe lenye unga. Kidole cha kushoto ndicho kibao cha Piorry. Mwili wa mgonjwa haukugongwa kamwe, umegongwa kwa kupitia kidole.

Hapo sasa nakuja kwenye swali ambalo hukuuliza lakini ndilo la msingi: kama maana ni "isiyo ya moja kwa moja", kwa nini wasiseme "indirect" yaishe?

Kwa sababu "indirect" ni neno pana na lenye uvivu. Linakuambia tu kwamba njia haikunyooka. Halikuambii imepindia wapi. Mtu akikusema kwa mafumbo kwenye kikao cha ukoo, hiyo ni "indirect", na hakuna mtu wa tatu hapo. Basi linalozunguka Uyole kabla ya kuingia Mwanjelwa limekwenda kwa njia ambayo ni "indirect", na hakuna aliyekaa katikati. Kodi iliyofichwa ndani ya bei ya sukari ni "indirect". Kubahatisha jambo, kugusia, kuzunguka, kupinda, yote yamo. "Mediate" halikubali uvivu huo. Ukilitumia umejifunga kujibu: kupitia nini? Kupitia nani? Kama huna jibu, neno hilo si lako.

Chukua viazi. Shemeji yangu analima viazi mviringo Isongole, kule juu unakoamka asubuhi ukakuta nyasi zimepigwa na baridi. Viazi vyake vinaliwa Dar es Salaam, chipsi mayai usiku wa manane. Yeye na mlaji wa chipsi hawajuani. Uhusiano wao si wa moja kwa moja, hilo kila mtu analijua na halimsaidii mtu. Lakini ukisema ni uhusiano wa kupitia mtu, mara moja unaanza kuhesabu: dalali wa kijijini mwenye pikipiki, mwenye lori, dalali wa sokoni, muuza chipsi. Hesabu ya bei iko mle. Shemeji akilalamika kwamba lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, imemla, halalamiki kuhusu "indirect". Analalamika kuhusu mtu fulani aliyesimama katikati na ana jina.

Wanasheria na wanamantiki waliling'ang'ania neno kwa sababu hiyohiyo. Kwa sheria ya Kiingereza kuna kushika mali wewe mwenyewe na kushika kupitia mtu, "mediate possession". Mwenye bajaji aliyekaa nyumbani Iyunga huku kijana anaizungusha mjini na kumletea hesabu jioni, bado anaishika bajaji yake, ila kwa mikono ya kijana. Kwenye mantiki, ukisema hakuna nyoka mwenye miguu, unaweza kuruka papo hapo na kusema hakuna mwenye miguu aliye nyoka. Hukuhitaji sentensi ya pili, hiyo ni "immediate inference". Lakini ukisema kila mzaliwa wa Kyela anaujua mpunga, shemeji ni mzaliwa wa Kyela, kwa hiyo shemeji anaujua mpunga, umefika kwa kupitia "mzaliwa wa Kyela", na hiyo ndiyo "mediate inference". Tazama kwamba hilo fungu la katikati limetajwa mara mbili juu, na kwenye hitimisho halipo. Limefanya kazi ya mshenga: likishaunganisha pande mbili, linaaga na kurudi kwake.

Historia nayo inalo, kidogo. Kwenye ile Dola Takatifu ya Kirumi ya Wajerumani kulikuwa na watawala waliokuwa chini ya Kaisari bila mtu kati, na wengine waliomfikia Kaisari kwa kupitia mkubwa mwingine. Kati ya mwaka 1803 na 1806 wengi wa kundi la kwanza walishushwa wakaingizwa kundi la pili, na kitendo hicho kina jina linalotokana na shina letu hilihili. Lakini Waingereza walipokuja kututawala kwa kupitia machifu, wakati wa Gavana Donald Cameron, 1925 hadi 1931, hawakusema "mediate rule". Walisema "indirect rule". Ukiniuliza mimi, walikosea neno, maana utawala ule ulikuwa na mtu wa katikati anayejulikana hadi kwa ukoo, kama Uhehe ulivyopitishiwa kwa kina Mkwawa. Ila hiyo inakuonyesha kwamba hata wakati ule kivumishi hiki kilikuwa kimeshaanza kukaa pembeni.

Je, ulitumie? Kwenye ripoti ya kituo, hapana. Ukiandika "mediate contact" kwenye fomu ya ufuatiliaji, mtu wa wilayani atasoma kitenzi, au atafanya kama tabibu wako na "kukusahihisha", na kosa la kukusahihisha vibaya linaingia kwenye takwimu. Andika "indirect contact", kisha utaje kitu chenyewe: nguo, ndoo, kitanda. Na ukitaka kubakiza nguvu ya neno la zamani kwa Kiingereza cha leo, ongeza herufi moja mwishoni. "Mediated" linaishi na lina afya. Mnasema "cell-mediated immunity", kinga inayofanya kazi kwa kupitia seli, na hakuna anayeshtuka. Herufi hiyo moja inamwambia msomaji kwamba hapa hatusuluhishi, na inamlazimisha mwandishi kutaja kilicho katikati, palepale mbele ya kistari.

Kwenye kutafsiri ndiko ninakotaka uwe mwangalifu, kwa sababu mimi mwenyewe niliangukia hapo. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kijitabu cha afya nikifasiri kwa ajili ya shirika moja. Kulikuwa na maneno haya, nilikuwa nimechoka, umeme umekatika, natumia taa ya simu. Nikaandika "maambukizi ya kati". Kikachapishwa. Mhudumu mmoja wa afya kutoka bonde la Usangu akaniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, maambukizi ya kati ni yale yasiyo makali sana wala madogo sana?" Nilinyamaza. Alikuwa amesoma Kiswahili sawasawa. Kwetu "ya kati" ni daraja: kipato cha kati, elimu ya kati, saizi ya kati. Haimaanishi kwamba kuna kitu katikati.

"Isiyo ya moja kwa moja" ni sahihi lakini ni kanusho, na kanusho halimfundishi mtu chochote. Mama aliyekaa kwenye mkeka chini ya mwembe Kyela ukimwambia kipindupindu hakiambukizi moja kwa moja tu, atasikia "hakiambukizi". Nimeona hilo likitokea.

Dawa ni kuacha kutafuta kivumishi. Kiingereza kimeweka jambo hili kwenye kivumishi kwa sababu hakina mahali pengine pazuri pa kuliweka. Sisi tunalo kwenye kitenzi. Aliyeshona nguo alishika sindano; aliyeshonesha alipeleka kitambaa kwa fundi. Ukilima umeshika jembe, ukilimisha umelipa vibarua. Bibi zetu waliandikisha barua kwa mjukuu anayesoma. Mtu wa katikati tayari yumo ndani ya kitenzi, kwa silabi moja. Na pale ambapo kitenzi hakitoshi, "kupitia" inatosha kabisa, ilimradi usiiache ikining'inia. "Maambukizi ya kupitia" bila kitu mbele yake ni sentensi iliyokatika mguu.

Kwa maelezo yako, basi, ningeandika hivi: "Ugonjwa huu huambukizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumgusa mgonjwa mwenyewe. Ya pili ni kugusa kitu alichokigusa mgonjwa: shuka, blanketi, nguo, taulo, kikombe. Njia ya pili inakuambukiza hata kama hujawahi kumwona mgonjwa." Sentensi ya mwisho usiifute hata ukibanwa na nafasi. Ndiyo yenye "mediate" ndani yake, na ndiyo ambayo watu hawaiamini mpaka waambiwe kwa maneno hayo. Vitu vyenyewe vibadilishe kulingana na ugonjwa, usinakili tu orodha yangu: kwa macho taja taulo, kanga ya kumfutia mtoto, na nzi, kwa kipindupindu taja maji, mikono na chakula.

Sasa soda. Tabibu alisema ni kosa la uchapaji, hakuna kosa. Wewe ulisema ni kusuluhisha. Shina umelipata, maana imekupita. Hakuna aliyeshinda. Nunueni moja, na kwa kuwa mnajua njia ya pili ya maambukizi, tafuteni bilauri mbili.